Nsenene, Kumbikumbi na Wenzao: Maswali Mnayoniuliza Kila Msimu

Mimi nimezaliwa Mutukula, pale mpakani kabisa, mguu mmoja Uganda mwingine Tanzania. Upande wetu wa Kyotera na Masaka wanasema nsenene, ukivuka ukaenda Bukoba wanasema senene, lakini mdudu ni yule yule na karai ni lile lile. Siku hizi nakaa Kampala, na kila Novemba ikifika watu wanaanza kuniuliza, wafanyakazi wenzangu, majirani, shemeji zangu wa Mombasa, hata wateja. Maswali ni yale yale. Basi nimekaa nikayaandika yote hapa na majibu yake, kwa sababu hili jambo nalipenda na naumia nikisikia watu wanaliongea vibaya bila kulijua.

Hivi ni kweli Waganda wanakula panzi?

Kweli, lakini tuseme vizuri. Hatuli kila panzi anayeruka shambani. Nsenene ni jamaa wa panzi, ana papasi ndefu kama nyuzi, anaruka usiku kwa makundi makubwa na anapenda sana taa. Wengi ni kijani, wengine kahawia, na mara moja moja unapata mwenye zambarau, watoto wanampigania huyo. Wanasayansi wanamwita Ruspolia differens. Msimu mkubwa ni Novemba na Desemba, halafu kuna mdogo wa mwezi wa nne na wa tano hivi mvua zikikolea. Kwa Kiganda mwezi wa Novemba wenyewe unaitwa Musenene, sasa wewe fikiria mdudu mpaka amepewa mwezi wake.

Na si Waganda peke yao. Wahaya wa Bukoba wanamla na wanamtuma kwa ndugu zao Dar es Salaam, na huku kwetu Uganda, magharibi na mjini Kampala, kabila zote zinanunua.

Kwa hiyo ni nzige?

Hapana! Hili swali liliniumiza kichwa mwaka 2020. Nzige wa jangwani waliingia Uganda mwezi wa pili mwaka huo kupitia Karamoja, jeshi likapelekwa kupuliza dawa, na watu mjini wakaanza kusema aa, Waganda si watawakaanga tu. Nzige ni mharibifu, anakula mazao na majani yote anayokuta. Nsenene anakaa kwenye majani ya porini na mbegu zake, mkulima wa Masaka akimuona anafurahi. Na nzige aliyepulizwa dawa haliwi na mtu yeyote, dawa ile ni sumu, na ndivyo serikali ilivyowaonya watu wakati ule.

Mbona wengine wanaona kinyaa?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penyewe.

Mimi naamini kinyaa kinafundishwa. Hakuna mtoto mdogo anayezaliwa anachukia nsenene, mpe wa miaka miwili uone, anakula na kuomba tena. Kinyaa kinakuja baadaye, anapoona uso wa mtu mzima umekunjamana. Na Uganda hii hii ukizunguka utaona kila watu wamechora mstari wao. Masaka wanakula nsenene lakini ukiwaambia habari ya masinya, wale mabuu manene ya kwenye mchikichi ambayo watu wa visiwa vya Ssese wanayakaanga, wengine wanashika mdomo. Waacholi na Walango kumbikumbi wanawaita ngwen, wanawakausha, wanawasaga, wanachanganya na simsim inakuwa uji mzito wa kuchovyea viazi, utamu wake huo sijui niuelezeje. Lakini nimesikia kwa masikio yangu mtu ana kikombe cha nsenene mkononi, anatafuna, anasema "wale wa kaskazini wanakula mchwa". Na ukienda Nakivale kule Isingiro kwenye kambi, ndugu zetu Wakongo wanauza viwavi waliokaushwa, Mganda anapita anaharakisha. Kila mtu mstari ameuchora nje kidogo ya sahani yake mwenyewe.

Nikiwa darasa la tano kulikuwa na kijana alitoka Lira, kule kaskazini, baba yake alihamishiwa kikosi cha huku kwetu. Siku moja alikuja shule na kopo la maziwa ya unga, ndani kumbikumbi wakavu wa kukaanga na chumvi, mama yake kamfungia vizuri na kitambaa juu. Alifungua saa ya chakula akatukaribisha. Darasa zima likacheka, na mwalimu, mtu mzima, akalichukua lile kopo kwa ncha za vidole kama ameshika panya, akaenda kumwaga nyuma ya choo. Yule kijana hakusema neno, alifuata kopo lake, akalisuuza, akarudi akakaa. Mwalimu yule Novemba alikuwa anatutuma tukamkusanyie nsenene chini ya taa za barabarani. Mpaka leo nikiona kopo la namna ile namkumbuka jinsi alivyokuwa analisuuza taratibu, na najuta kwamba na mimi nilicheka.

Kwa hiyo mtu akiniambia anaona kinyaa simkasirikii, amefundishwa. Ila nikisikia anamcheka mwenzake, hapo siwezi kunyamaza.

Nimesikia zamani wanawake walikatazwa kula, ni kweli?

Ni kweli kabisa kwa Buganda. Mwanamke ndiye alikuwa anakwenda alfajiri kuwakusanya kwenye majani wakiwa na umande hawawezi kuruka, ndiye ananyonyoa, ndiye anapika, halafu anayekula ni mume. Yeye hapana. Waliambiwa akila atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha nsenene. Kuku na mayai pia walikatazwa vile vile. Zawadi yake ilikuwa mume amnunulie gomesi mpya, lile vazi refu la wanawake wa Buganda. Jaja yangu, yaani bibi, alinisimulia haya huku mkono uko kwenye bakuli anakula, anasema sisi tulikuwa tunaonja jikoni wakiwa hawapo, kwani mpishi anaacha kuonja chumvi?

Siku hizi mwiko huo umekufa karibu wote. Wanawake wanakula, na kwenye biashara ya kuuza sokoni wamo.

Na kuna ukoo hauli?

Ndiyo, ukoo wa Nsenene wenyewe. Buganda ina koo zaidi ya 50 na kila ukoo una kitu chake cha mwiko, mnyama au mdudu au mmea, ambacho hawakili. Sasa wa ukoo wa Nsenene hawagusi. Huyu ukimkaribisha akakataa, ni heshima kwa mababu zake, kinyaa hakihusiki hapo. Usimlazimishe na usimtanie.

Dini inasemaje?

Kwa Wakristo, fungua Walawi 11:22, nzige na panzi wametajwa kwamba wanalika. Na Yohana Mbatizaji alikuwa anakula nzige na asali ya mwitu, hiyo iko Mathayo 3:4.

Kwa sisi Waislamu, kuna hadithi inayosema tumehalalishiwa mizoga miwili, samaki na nzige, kwa hiyo nzige hahitaji kuchinjwa. Nsenene wanahesabiwa na wengi kwenye kundi hilo la nzige na panzi na Waislamu wengi wa hapa Uganda, mimi mmoja wao, tunakula bila wasiwasi. Ila kuhusu wadudu wengine kama kumbikumbi na mabuu, wanachuoni hawajakubaliana, madhehebu mengi yanakataza, Wamaliki ndio wamelegeza zaidi. Muulize sheikh wako, mimi si mufti.

Si ni chakula cha maskini?

Huyu aliyeuliza hajawahi kwenda Katwe au Nakasero hapa Kampala mwezi wa kumi na moja. Wiki za mwanzo wa msimu, kilo ya nsenene waliosafishwa inaipita kilo ya nyama ya ng'ombe, na inaipita mbali. Watu wenye magari yao wanasimama barabarani wananunua kikombe kimoja kimoja wapeleke kwa watoto. Maskini ndiye anakamata na kunyonyoa na kuuza, mwenye pesa ndiye anakula wa kwanza. Bei inashuka tu wakianguka wengi, yaani nsenene wakija kwa wingi.

Hiyo fikra ya umaskini naona ililetwa na shule na wakubwa wa zamani waliotufundisha kwamba aliyestaarabika anakula mkate na siagi. Wazee wetu wengine wakaficha wanachokula mgeni akija. Hilo ndilo limeharibu zaidi kuliko ladha yenyewe.

Wanakamatwaje?

Ukipita barabara ya Masaka usiku msimu ukiwa umefika utaona mlima mzima unawaka kama kuna mechi. Wanasimamisha mabati kwa mstari, chini ya kila bati kuna pipa, katikati kuna taa kali sana, mwanga mpaka mbinguni. Umeme wa laini au jenereta. Halafu wanachoma majani mabichi yatoe moshi, nsenene wakifuata taa moshi unawalewesha, wanagonga bati, bati linateleza, wanaingia kwenye pipa na kutoka hawawezi. Usiku wenye giza, mwezi haupo, mvua imenyesha mchana, ndio usiku wenyewe. Asubuhi magunia yanapakiwa kwenye pikap kuja Kampala yakiwa bado yanachakarika.

Ni kazi ngumu watu hawajui. Taa zile zinaumiza macho, vijana wanavaa miwani ya jua usiku kucha. Nyaya zinaunganishwa ovyo na mvua inanyesha, watu wamepigwa na umeme wakafa. Na taa haichagui, inavuta na yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi, wanamwita Nairobi flai, ukimponda kwenye ngozi unababuka kama umemwagiwa maji ya moto. Kikombe unachonunua kina jasho la mtu ambaye amekesha, kumbuka hilo kabla hujaanza kupunguza bei.

Wana faida gani mwilini?

Protini nyingi na mafuta mengi. Ukipima nsenene aliyekaushwa, zaidi ya theluthi ni protini na karibu nusu ni mafuta, pamoja na madini kama chuma na zinki. Ndiyo maana wanakaangwa bila mafuta ya kuongeza. Kumbikumbi nao wana mafuta hivyo hivyo. Sasa ukisikia mtu anasema wanatibu hiki na kile usimwamini, ni chakula kizuri tu, inatosha.

Kuna mtu hawamfai?

Kama ukila kamba au kaa unavimba mdomo au unawashwa, kuwa makini sana, wadudu na kamba ni jamaa kwenye hilo na mwili unaweza kuwakataa wote. Anza na mmoja wawili, usile bakuli zima. Mtoto mdogo mpe waliosafishwa vizuri, mguu wa nyuma una miiba unakwama kooni. Na waliolala wakaanza kunuka au wana ukungu tupa, usiseme utawakaanga zaidi. Yale mafuta yao yanachacha haraka.

Nipikeje? Mimi ni mara ya kwanza

Haya, hii ndiyo napenda kujibu.

Ukiweza nunua ambao hawajanyonyolewa ujifunze mwenyewe angalau mara moja. Mama alikuwa anakaa kwenye mkeka, ndoo upande wa kulia, beseni kushoto, na kisosi cha majivu mbele. Anachovya vidole kwenye majivu ili asiteleze maana nsenene ana utelezi, anamchukua mmoja, mabawa pamoja kwa mvuto mmoja, miguu ya nyuma, papasi, tayari kwenye beseni. Mlio wake ni kama mtu anakata uzi, tk, tk, tk, bila kuangalia, anaongea na jirani huku. Mimi nilikuwa nanyonyoa mmoja yeye ameshamaliza watano.

Osha maji mawili matatu mpaka majivu yaishe. Weka kwenye sufuria kavu au karai juu ya sigiri, moto wa wastani, chumvi kidogo, usiweke mafuta. Kwanza watatoa maji na sauti itakuwa ya kuchemka, wewe koroga tu. Maji yakikauka sauti inabadilika, inakuwa ya kukaanga, hapo mafuta yao yameanza kutoka, utaona karai linang'aa. Ndipo unatia kitunguu, na pilipili ukitaka. Koroga bila kuacha mpaka wawe rangi ya dhahabu na ukimtafuna anavunjika, halafu epua upesi, kwani kutoka dhahabu mpaka kuungua ni dakika moja. Wengine wanaweka na tangawizi au binzari, mimi naona inaficha ladha, chumvi na kitunguu inatosha kabisa.

Ladha yake? Watu wanasema kama kamba, wengine kama ngozi ya kuku iliyokaangwa ikakauka. Mimi naona ni kama nsenene.

Kumbikumbi nao?

Hao rahisi zaidi. Mvua ikinyesha wanatoka kwenye kichuguu, watu wanafunika kichuguu kwa shuka au majani ya migomba wanaacha tundu moja lenye shimo na taa. Kuna aina inatoka ukipiga piga vijiti juu ya kichuguu kama ngoma, wanadhani mvua inanyesha, hii nilifundishwa na watoto wa jirani. Mabawa yanatoka yenyewe ukiwakausha juani na kupepeta. Kaanga kavu, chumvi, basi.

Mbona wanapungua kila mwaka?

Wakamataji wazee wa Masaka wote wanalalamika hilo. Mabwawa yenye majani yamefyekwa kuwa mashamba, misitu ya visiwani imekatwa, Kalangala sehemu kubwa sasa ni michikichi ya mafuta, na mvua haziji tena kwa tarehe zake. Na mimi naongeza langu, taa zimezidi. Mwanzoni ilikuwa kukusanya kwenye majani alfajiri kwa mkono, sasa ni mamia ya mapipa usiku mmoja, na wale tunaowakamata ndio walikuwa wanakwenda kutaga. Msimu mwingine mtu anakopa pesa anunue mabati na mafuta ya jenereta, nsenene hawaji, deni linabaki. Nawajua waliouza shamba kwa hilo.

Hawawezi kufugwa kama kuku?

Watafiti wa Makerere na wengine wamekuwa wakijaribu kuwafuga nsenene ndani kwa nafaka na majani, ila si rahisi kama nyenje. Nyenje tayari wanafugwa hapa Afrika Mashariki kwenye makreti na mabeseni. Mimi nawaombea wafanikiwe haraka.

Kwa nini wazungu sasa wanatuambia tule wadudu?

Mwaka 2013 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa ripoti kubwa ikasema watu kama bilioni 2 duniani wanakula wadudu, aina zaidi ya 1,900. Tangu hapo kila mtu anazungumzia, kwamba mdudu anakula kidogo na anahitaji ardhi kidogo kuliko ng'ombe, na mwaka 2021 hata Umoja wa Ulaya ukaruhusu aina ya buu la unga liuzwe kama chakula cha watu. Vizuri. Lakini kuna kitu kinanisumbua kwenye yale maongezi, mdudu anasemwa kama dawa ya njaa, kitu utakachokula dunia ikiharibika. Ukimwambia mtu hivyo lazima aone kinyaa zaidi! Kwetu nsenene ni sherehe. Watoto hawalali usiku wakianguka, mtu anamtumia shangazi yake kikombe kwa basi kutoka Masaka. Anayetaka watu wale wadudu aanze na ule utamu, hiyo protini ataongea baadaye.

Mgeni wangu hataki hata kuwaona, nifanyeje?

Mkaribishe mara moja, akikataa umuwekee kingine, mambo yameisha. Usimfichie nsenene kwenye mchuzi ili uje kumcheka baadaye, hiyo ni tabia mbaya na kama ana mzio unaweza kumuua. Shemeji yangu wa Mombasa alikuja miaka mitatu anatoka nje tukianza kukaanga. Mwaka wa nne mwanangu alimpa mmoja tu mkononi, akamwangalia yule mtoto usoni, akala. Sasa kila Oktoba ananipigia simu kuuliza kama wameshaanguka.

Na wewe mgeni, ukikataa sema tu "asante, sijazoea". Usiseme "eww" mbele ya mama aliyekesha ananyonyoa.

Naweza kusafiri nao kwenye ndege?

Kila nchi ina sheria yake ya vyakula, uliza kabla. Waliokaangwa vizuri na kufungwa wana nafuu kuliko wabichi. Usifanye kama yule abiria wa Novemba 2021 aliyeonekana kwenye video akiuza nsenene kwa mfuko wa kaveera ndani ya ndege ya Uganda Airlines ya kwenda Dubai, alikamatwa, ingawa shirika lenyewe baadaye lilisema linafikiria kuwaweka kwenye menyu. Kwenye ile video watu walikuwa wanakimbilia kununua, hilo ndilo nililiona mimi.

Nitajuaje muuzaji mzuri?

Angalia ndoo. Wazima wanachezacheza, rangi inang'aa, harufu ni ya majani mabichi. Waliolala wanakuwa weusi tumboni. Kama wameshakaangwa omba kuonja mmoja, muuzaji mzuri hakatai, avunjike mdomoni na usisikie uchungu wa mafuta ya zamani. Muulize wameanguka lini na wapi. Akijibu "jana usiku, Bukakata" huku vidole vyake bado vina majivu, toa pesa.